Mbingu Kwanza, Watu Mwisho

Mgema hupanda mnazi alfajiri na kibuyu chake kiunoni, hukata kidogo ncha ya karara, kisha hushuka na kuusubiri utamu udondoke. Kaskazini-mashariki mwa Marekani, milimani ambako majimbo ya New York na Vermont yanapakana, nako kuna ugemaji, ila wenyewe hufanyika katikati ya theluji. Majira ya baridi yanapoelekea kwisha, usiku ukigandisha na mchana jua likilainisha, wakulima hutoboa shina la mti waitao maple, hutundika ndoo, na maji ya mti huanza kutiririka tone kwa tone. Maji hayo ni mepesi mno. Huchochewa moto hadi yapungue: lita 40 hivi hutoa lita 1 tu ya shira. Watoto hawana subira ya kungoja chupa zijazwe. Shira ikiwa bado ya moto humwagwa juu ya theluji safi, huganda palepale, nao huiokota na kuitafuna.

Anna Mary Robertson Moses aliichora kazi hiyo tena na tena. Mchoro wake wa mwaka 1943 uitwao Sugaring Off ndio unaojulikana zaidi, na ndio ninaourudia kila ninapotaka kujikumbusha jinsi mkono mtulivu unavyofanya kazi. Sufuria kubwa iko motoni, ndoo ziko mitini, watu wametawanyika kwenye weupe kama siafu waliomwagika juu ya unga. Kila mmoja ana lake la kufanya. Huoni mtu aliyesimama ili achorwe.

Watu wa kwao walimwita Bibi Moses, nami nitamwita hivyo. Alizaliwa mwaka 1860 huko Greenwich, New York. Akiwa na miaka 12 aliondoka nyumbani kwenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, akazifanya kwa miaka 15. Mwaka 1887 aliolewa na Thomas Moses, wakahamia bonde la Shenandoah, Virginia, ambako alisukasuka maziwa akauza siagi, akakaanga viazi akauza pia. Alizaa watoto kumi. Watano tu ndio waliovuka uchanga. Mwaka 1905 familia ilirudi kaskazini, ikanunua shamba Eagle Bridge. Ukikutana na ndoo katika picha zake, basi ujue kwamba mchoraji aliibeba, tena imejaa, na njia ilikuwa inateleza.

Brashi aliishika akiwa na zaidi ya miaka 70. Kabla ya hapo alikuwa akitarizi mandhari kwa nyuzi za sufu, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, ufundi wake ulipoota mizizi. Rangi ya mafuta unaweza kuikoroga na nyingine mpaka upate unachokitaka. Uzi haukorogeki. Ukitaka kijani cha shamba la mbali, itakubidi ulaze uzi hafifu kando ya uzi uliokolea, kisha uliachie jicho la mtazamaji likaziunganishe. Baridi yabisi ilipomshika vidole na sindano ikawa mateso, dada yake Celestia alimshauri apake rangi badala ya kushona. Akahama na ujuzi wake wote. Tazama mabonde yake: kiraka cha kijani cha majani machanga, kando yake kijani cha msonobari, kisha manjano ya nyasi zilizokatwa, vyote vimelazwa bega kwa bega bila kuvurugana. Yule ni mtarizi anayepaka rangi.

Utaratibu wake ulikuwa kinyume cha wachoraji wengi, kwani alianza na fremu. Alikuwa akiokota fremu kuukuu, kisha anakata ubao wa hadibodi kwa msumeno ili uenee ndani yake. Ubao aliupaka mafuta ya kitani, halafu rangi nyeupe isiyong'aa, mara tatu, hadi weusi wa ubao uzimike kabisa. Weupe huo wa chini ndio siri ya mwanga wa picha zake. Hata anga lake la mawingu lina nuru inayotoka nyuma. Hadibodi na rangi ya mafuta, vitu vya fundi ujenzi, ndivyo hivyohivyo alivyovishika mchoraji Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Bibi huyu alianza na mabaki ya rangi za nyumba, Tingatinga na rangi za baiskeli.

Ubao ukishakauka, alishuka nao kutoka juu. Mbingu kwanza, kisha milima, kisha vilima, miti, nyumba, ng'ombe, na mwisho kabisa watu. Mara nyingi mezani palikuwa na mbao tatu au nne kwa pamoja, akipaka anga zote kwa mpigo mmoja ili rangi isipotee bure. Mpishi wa watu wengi ataielewa hesabu hiyo. Nami naona kwamba mpangilio huu uliamua hata maana ya picha: mtu anawekwa mwisho, mahali ambapo mlima umemwachia nafasi. Ndiyo maana watu wake ni wadogo lakini hawapotei.

Kuhusu theluji hakukubali kufundishwa. Waliosomea uchoraji walimwambia aitie buluu kwenye vivuli. Alijibu kwamba ameitazama theluji, ameitazama sana, na buluu haioni. Kivuli cha mti akikiona, ni cha kijivu. Akaendelea na weupe wake, na mara nyingine akanyunyizia vumbi la kumetameta juu ya rangi mbichi ili theluji ing'ae kama ing'aavyo asubuhi ya jua. Wapo waliolalamika kuhusu hilo vumbi. Mimi niko upande wa bibi. Alikuwa ameishi na theluji kwa miaka mingi, na macho yake hayakuwa na sababu ya kuazima ya wengine.

Watu wake wana udhaifu, na sioni haja ya kuuficha. Nyuso ni nukta chache. Maumbo mengi aliyatoa kwenye picha za magazeti na kadi alizozikata na kuzihifadhi, akiyafuatisha kwa penseli. Picha zake za kiangazi nyingine zimejaa mno, jicho halipati pa kupumzika. Lakini milima yake haionekani kunakiliwa popote. Iliyo mbali hufifia hatua kwa hatua, kama ifanyavyo Usambara ukiitazama kutoka Mombo ukungu unapoinuka, na ufifiaji huo haupatikani kwenye kadi.

Alipopeleka michoro kwenye maonyesho ya kilimo pamoja na matunda yake ya kusindika na jemu, jemu ndiyo iliyopata zawadi. Mwaka 1938 mkusanyaji wa sanaa, Louis Caldor, aliiona michoro dirishani mwa duka la dawa huko Hoosick Falls, ikiuzwa dola chache kila mmoja, akainunua yote. Mwaka 1940 Otto Kallir, mfanyabiashara wa sanaa, alimwandalia maonyesho yake ya kwanza ya peke yake jijini New York, naye alikuwa na miaka 80. Umaarufu uliofuata ulikuwa mkubwa, ila sina mengi ya kusema juu yake, maana bibi aliendelea kuchora palepale nyumbani, anga kwanza.

Alifariki tarehe 13 Desemba 1961, siku nne baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na miaka 101. Aliacha kazi zaidi ya 1,500. Mkusanyiko mkubwa kuliko yote ulio wazi kwa umma uko Bennington Museum, Vermont, milima ileile ikiizunguka, na meza aliyochoria imo humo pia.