Jinsi Tulivyoifuata Chai Hadi London Bila Kutoka Merigi

Kutoka maghala ya Butler's Wharf, upande wa kusini wa mto Thames, hadi barabara ya Mincing Lane ni mwendo wa kilomita moja na ushei. Binti yangu aliupima kwa kipimo anachokijua: ni kama kutoka langoni kwetu hadi kituo cha kununulia majani chai, kisha uongeze mwendo wa kufika joshoni. Mwendo wa kituoni anaujua kwa miguu na kwa mgongo, maana wakati wa likizo humsaidia mama yake kubeba. Ule wa London aliutembea akiwa ameketi mkekani hapa Merigi, Bomet, nchini Kenya, kidole kikibonyeza mshale mmoja baada ya mwingine kwenye skrini.

Safari hiyo ya siku moja tuliifanya Desemba iliyopita. Tulikuwa watu watano: mimi, mama watoto, binti wa miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa miaka saba, na mama yangu mzazi, ambaye wajukuu humwita kogo. Naichambua hapa kwa sababu wazazi kadhaa wameniuliza tulivyofanya, na kwa sababu jaribio letu la kwanza, lile la Agosti, lilikuwa limeanguka vibaya.

Agosti tuliandika jina la jiji kwenye kisanduku cha kutafutia, tukaona mnara wa Big Ben, tukaruka hadi kasri la mfalme, tukaruka tena hadi uwanja wa Arsenal. Dakika ishirini hazijaisha, mdogo alikuwa ameshatoka kwenda kutazama ndama. Nililaumu mtandao. Baadaye nilipotuliza akili niliona kwamba mtandao haukuwa na hatia. Kosa lilikuwa kule kuruka. Jiji ni umbali: ni kutoka hapa hadi pale, ukipitia mahali ambapo hukukusudia kupita. Ukiondoa umbali, kinachobaki ni kadi za posta, na kadi za posta mtoto huzimaliza upesi.

Dhamira ya safari ya pili ilitoka kwa binti mwenyewe. Jioni moja mama yake aliporudi kutoka kituoni na risiti ya kilo, aliuliza: "Baba, majani haya yakitoka kwa karani yanaenda wapi?" Nikamjibu kiwandani, halafu Mombasa, mnadani. Na kabla ya Mombasa kuwa na mnada? Mnada wetu ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, lakini ule wa London ulikuwa mkongwe kuliko yote. Ulianza mwaka 1679, ukaendelea hadi tarehe 29 Juni 1998, na chai ya Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizouzwa huko. Basi tukapata safari. Hatukwenda "kuona London". Tulikwenda kuulizia chai ilikopita, na kila kituo ambacho hakikuhusu chai nilikikata, hata Big Ben.

Sasa ufundi. Vifaa vilikuwa laptopu moja ya zamani, kebo ya HDMI, runinga, na simu iliyowekwa dirishani upande unaotazama mnara wa mtandao, ikisambaza intaneti kwa laptopu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba ramani unayoweza kupakua kwenye simu kwa matumizi ya nje ya mtandao ina barabara na majina tu. Picha za Street View, zile za barabarani unazozitembea kwa kubonyeza mshale, hazimo. Kila mshale unaobonyeza unavuta picha mpya, na picha zikichelewa mtoto anachoka. Kwa hiyo siku mbili kabla ya safari, usiku baada ya saa nne, mtandao ukiwa mwepesi, niliitembea njia yote peke yangu. Kila baada ya hatua chache nilipiga picha ya skrini na kuihifadhi kwa namba. Niliishia na picha zaidi ya mia mbili kwenye folda moja. Siku ya safari tulitembea hewani mtandao ulipokubali, na ulipokwama nilifungua folda na kuendelea kutoka namba ile ile. Watoto hawakujua ni saa ngapi tuliingia kwenye folda na saa ngapi tulitoka.

Video nilizipunguza kwa makusudi. Saa moja ya video, hata ya ubora wa kati, inaweza kula zaidi ya nusu gigabaiti, na kwa bando la nyumbani hilo ni jambo la kufikiria mara mbili. Zaidi ya bei, video humfanya mtoto kuwa abiria. Anayebonyeza mshale ndiye anayechagua njia, na anayechagua njia ndiye anayeuliza maswali.

Tulianzia Shad Thames, kichochoro kilicho nyuma ya Butler's Wharf. Hapo juu kuna madaraja membamba ya chuma yanayovuka kutoka ghala hadi ghala, ambayo zamani yalipitisha mizigo bila kuishusha barabarani. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mdogo aliuliza mbona watu wote hawana nyuso. Nikamweleza kwamba kompyuta ya kampuni yenye picha hizo hufifiza sura za wapita njia ili wasitambulike. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye angependa hivyo. Dada yake akaona jambo jingine: hatua moja jua linawaka, hatua ya pili mbingu nzito na basi lililokuwa mbele yetu limepotea. Tukatazama pembeni mwa skrini, ambapo mwezi na mwaka wa picha huandikwa, tukakuta hatua hizo mbili zilipigwa miaka tofauti. Tangu hapo akawa anasoma tarehe kila tunapogeuka kona. Naona somo hilo lilikuwa na thamani kuliko majengo yenyewe: alijua anatazama kumbukumbu zilizoshonwa pamoja, wala si jiji lenyewe lilivyo sasa.

Tukavuka Tower Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1894, tukapanda hadi Mincing Lane. Kwa zaidi ya karne moja wafanyabiashara wa chai walijazana hapa. Leo ni vioo na ofisi tu, na kwenye runinga hatukuona dalili ya jani hata moja. Hapo ndipo kogo, aliyekuwa kimya akichambua mboga, alipoinua kichwa. Alisema zamani za wakoloni mashamba makubwa ya Kericho yalikuwa na chai, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuilima kwa biashara yake. Miche ya kwanza ya nyumba yetu ilipandwa baada ya uhuru. Nikaongeza kwamba shirika la chai la wakulima wadogo, KTDA, lilianzishwa mwaka 1964. Kogo akaitikia kwa kichwa, akauliza kama wale waliokaa kwenye barabara ile walikuwa wanalijua jina la Kericho. Nikamwambia walilijua, lilikuwa kwenye karatasi za mnada. Akarudia mboga zake.

Kutoka hapo hadi duka la Twinings, namba 216 mtaa wa Strand, ni karibu kilomita mbili na nusu. Duka hilo limekuwapo tangu Thomas Twining afungue mkahawa wake mwaka 1706. Mlango wake ni mwembamba ajabu, na juu yake kuna simba wa rangi ya dhahabu na sanamu mbili za Wachina. Hapa tulifanya kitu cha mkono. Mama watoto alitengeneza chai kwa njia ya huko: majani yaliyomwagiwa maji ya moto kikombeni, maziwa baridi yakafuata. Kando akaweka chai yetu ya maziwa iliyochemshwa pamoja sufuriani. Watoto walionja wakiwa wamefumba macho. Binti alisema ile ya London ina ladha ya majani zaidi, na ni kweli. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonja kile ambacho mama yake huchuma bila maziwa kukifunika. Ukitaka safari ya skrini ikae mwilini, tafuta angalau kitu kimoja cha kuonja au kushika, na kiwe kimetokana na njia yenyewe.

Kituo cha nne kilikuwa meli ya Cutty Sark huko Greenwich, na hapa ndipo hesabu ziliteka sebule nzima. Meli hiyo ilishushwa majini mwaka 1869. Mwaka huo huo mfereji wa Suez ulifunguliwa, meli za moshi zikapata njia ya mkato, na meli ya matanga iliyojengwa kwa mbio za chai ikapitwa na wakati kabla haijabeba shehena yake ya kwanza ya chai. Shehena hiyo, kutoka China, ilizidi pauni milioni 1.3, yaani karibu tani 590 za chai kavu. Binti alichukua kalamu. Kilo moja ya chai kavu huhitaji kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Mama yake, siku njema, huchuma kilo 30. Alizidisha, akagawa, akafuta, akagawa tena: siku 88,500. Akazigawa kwa 365. Miaka zaidi ya 240 bila kupumzika hata Jumapili, kuijaza meli moja. Alimtazama mama yake kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, akaizungushia duara hesabu ile.

Tulipokuwa tukielekea jumba la makumbusho la Horniman, stima ilipotea. Laptopu ilikuwa na chaji, lakini runinga ikazimika, na watu watano hawaenei mbele ya skrini ndogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hili kwa kiasi: picha kumi muhimu zaidi nilikuwa nimezichapisha kwenye karatasi mjini Bomet. Tukazitandaza mkekani. Horniman ni jina la tajiri wa chai. Mzee John Horniman alianza kuuza chai kwenye pakiti zilizofungwa mwaka 1826, wakati ambapo chai ya dukani mara nyingi ilichanganywa na majani mengine. Mwanawe Frederick ndiye aliyefungua jumba hilo mwaka 1901. Binti alielewa pakiti hizo mara moja, maana kituoni kwetu karani humwaga majani na kukataa yasiyokuwa majani mawili na chipukizi. Mdogo yeye alimpenda walrasi wa jumba hilo, mnyama mkubwa wa bahari za barafu mwenye meno mawili marefu kama ya ndovu. Waliomtengeneza zamani hawakujua kwamba ngozi yake hukunjamana, wakamjaza hadi ikanyooka kama puto. Kwenye karatasi hakupungua ladha. Nadhani alizidi, kwa sababu mtoto alimshika na kwenda naye kulala.

Bando nililoliokoa mchana kutwa lilikuwa na kazi moja tu. Tarehe ilikuwa 21 Desemba. Kituo pekee kisichohusu chai kilikuwa kamera ya kivuko cha waenda kwa miguu cha Abbey Road, London. Huonyesha barabara hiyo mubashara, na nilitaka tuione jua likizama. London iko nyuzi sifuri, Merigi iko karibu nyuzi 35 mashariki, na saa za London wakati huo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hesabu ya haraka jua lao lingepaswa kuzama muda mrefu baada ya letu. Lakini mchana wa London siku hiyo haufiki saa nane, na wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa simu iliyokuwa na chaji, tukasimama kibarazani, stima ikiwa bado haijarudi.

Kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, jua letu lilizama nyuma ya mikaratusi. Kwenye simu, London ilikuwa bado na mwanga wa kijivu, watu wakivuka kivuko wakiwa wamevaa makoti. Tukangoja. Saa moja kasoro dakika saba, saa zao zikiwa kumi kasoro dakika saba alasiri, taa za magari zilikuwa zimewaka na kijivu kile kikawa bluu. Tulikuwa gizani pamoja nao, tukipishana kwa dakika kumi na tatu hivi. Kogo aliyekuwa mlangoni aliuliza kama wale wanatuona. Binti akamjibu hapana, sisi tu ndio tunaowaona.

Kwa upande wa ufundi, huo ndio uamuzi ninaojivunia zaidi: kuacha vyote vingine viwe vya kuhifadhiwa, na kitu kimoja tu kiwe cha wakati ule ule. Lau siku nzima ingekuwa mubashara, dakika zile zisingekuwa na uzito wowote.

Tayari safari ijayo ina jiji. Nilipomwambia binti kwamba siku hizi mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan, alikasirika kidogo kwamba nilimpeleka London kwanza, kisha akaandika KARACHI kwenye kalenda ya jikoni. Ameshahesabu kwamba Karachi iko mbele yetu kwa saa mbili, kwa hiyo itabidi tuanze alfajiri na kupumzika saa nne, majani ya asubuhi yatakapopelekwa kituoni.