Ukweli wa Historia katika Sinema za Vita: Mfano wa The African Queen

Imekuwa desturi kwamba mtu akionyesha makosa ya historia katika sinema ya vita, hujibiwa kwa neno moja: hii ni hadithi tu. Jibu hilo huja upesi, na aghalabu huja na hasira, kana kwamba mkosoaji ameingia arusini akaanza kuuliza bei ya pilau. Makusudio ya makala haya ni kulipima jibu hilo, ili tujue linatosha wapi na linapungua wapi. Mfano wetu ni The African Queen, sinema iliyoongozwa na John Huston mwaka 1951, kwa kuwa habari yake imewekwa katika nchi yetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na yaliyotukia kwa kweli yanajulikana.

Kwanza hatuna budi kutenga makosa ya aina mbili. Yako makosa ya vitu, kama vile vifungo vya sare, aina ya bunduki au njia ya mto. Katika sinema hii mashua inateremka mto Ulanga mpaka ziwani, hali kila mtu wa Ifakara ajua kwamba maji ya Ulanga huingia Rufiji, na Rufiji huingia Bahari ya Hindi. Kosa hilo ni kubwa katika ramani, lakini halimdhulumu mtu. Mtungaji ana ruhusa ya kuugeuza mto akitaka, na mhakiki ashikiliaye makosa ya namna hiyo peke yake akionekana mchoshi, haonewi. Aina ya pili ni makosa ya watendaji: tendo la hawa kupewa wale, au watu waliokuwapo kuondolewa kana kwamba hawakuzaliwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani linachoma kijiji chenye misheni. Rose, mwanamke wa Kiingereza, na Charlie, fundi wa mashua kutoka Kanada, wanashuka mtoni wakikusudia kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani iitwayo Louisa. Mwishowe meli inazama kwa topido walizoziunda kwa mikono yao. Katharine Hepburn na Humphrey Bogart wameigiza kwa ustadi mkubwa, na Bogart alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Hayo hatuyakatai. Lakini riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyo asili ya sinema, haikusema hivyo: katika toleo lake kamili jaribio la wawili hao linashindwa, na meli inazamishwa na mashua za jeshi la Uingereza. Riwaya ilikuwa karibu zaidi na historia. Sinema ndiyo iliyoiacha mkono.

Yaliyotukia katika Ziwa Tanganyika ni mengine. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo. Zilisafiri kwa reli, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa nguvu za mamia ya Waafrika waliokata njia na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Ama ile kubwa, Graf von Götzen, haikuzamishwa na shujaa yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Sasa tuwatafute watu. Mwanzoni mwa sinema Waafrika wanaonekana kanisani, na kuimba kwao kumefanywa kichekesho: tunasikia kelele, hatusikii maneno. Baadaye wanaswagwa na askari, na tangu hapo hawaonekani ila kwa mbali. Vita ambavyo mizigo yake ilibebwa vichwani mwa watu vimekuwa safari ya watu wawili. Katika upande wa Waingereza peke yao, walioandikwa kuwa wapagazi walikaribia milioni moja, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, hufikia 95,000.

Kila niyasemapo haya mbele ya watazamaji, hoja tatu hurudi. Ya kwanza ni kwamba sinema haikuahidi kufundisha historia. Ni kweli, lakini mtazamaji hujifunza asichofundishwa kwa ahadi. Wengi hawatasoma juu ya vita hivi popote pengine. Ya pili ni kwamba hadithi haiwezi kubeba watu milioni moja. Ni kweli pia, ila haikuombwa iwabebe wote. Mpagazi mmoja mwenye jina na sauti angetosha. Ya tatu, nayo ndiyo yenye hasira, ni kwamba mhakiki anawaharibia watu starehe yao.

Hoja hii ya tatu haijibiwi kwa mantiki. Hujibiwa kwa kutazama ni nani asemaye. Mwaka 2000 ilitoka sinema ya Kimarekani iitwayo U-571, ambamo mabaharia wa Marekani wanaiteka mashine ya maandishi ya siri ya Wajerumani, Enigma, kutoka katika nyambizi. Lakini mashine iliyopatikana katika nyambizi U-110 mwezi wa Mei 1941 ilitwaliwa na mabaharia wa Uingereza kutoka manowari Bulldog, na wakati huo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Waingereza walikasirika hata habari ikafika Bungeni, na Waziri Mkuu Tony Blair akakubali kwamba ni dharau kwa mabaharia wao. Mwaka 2006 David Ayer, mmoja wa waandishi wa sinema hiyo, alisema anajutia upotoshaji ule. Hapo neno "hadithi tu" halikutosha, kwa sababu waliofutwa walikuwa na watoto waliokuwa wakitazama. Msemo wa wahenga watosha hapa: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi kipimo ninachokipendekeza ni hiki: mhakiki aache vifungo vya sare, aulize tendo lilikuwa la nani na nani ametolewa katika picha. Akiuliza hivyo kwa adabu, hasira za watazamaji zisimrudishe nyuma.

Sisi tushughulikao na lugha tunao ushahidi ambao sinema haikuweza kuufuta. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zimepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Tazama umbo la neno: herufi p na s za mwisho hazimo. Neno hili halikunakiliwa kutoka karatasini. Lilipokewa kwa sikio, kutoka vinywani mwa maofisa, na watu walioitwa kwa jina hilo. Huston hakuwapa maneno, lakini neno waliloliacha tunalitamka kila tuendapo sokoni.