Kuzunguka Mbuyu Jijini Kigali: Uhakiki wa Ulinganifu wa Nahau

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hadhi hiyo imewatwika wafasiri mzigo ambao orodha za nahau haziwezi kuutua. Mfano mmoja ni nahau ya Kiingereza “beat about the bush”, ambayo aghalabu hulinganishwa na “kuzunguka mbuyu”.

Ulinganifu huo una kasoro. Nahau ya Kiingereza imetokana na uwindaji wa ndege: wasaidizi walipiga vichaka ili ndege waruke, kisha wengine wakawanasa. Anayepiga kandokando tu huchelewesha windo. Kosa lake ni kukawia. Mbuyu nao una shina nene, na anayepita nyuma yake haonekani. Ndiyo maana nchini Tanzania kuzunguka mbuyu humaanisha pia kutoa rushwa. Hapa kosa si kukawia tena, bali ni kuficha.

Athari zake huonekana katika matumizi. Chukulia tangazo la mkutano wa wananchi katika sekta ya Gitega, wilayani Nyarugenge, linalosema: “Viongozi wasizunguke mbuyu kuhusu ardhi.” Gitega iko jirani na Nyamirambo na Biryogo, ambako Kiswahili kina historia ndefu miongoni mwa Waislamu na wafanyabiashara. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha Tanzania anaweza kuona humo tuhuma ya hongo. Jirani yake, ambaye Kinyarwanda chake kina usemi “guca ku ruhande”, yaani kupita kando, ataelewa kwamba viongozi wanahimizwa kusema waziwazi. Tangazo ni moja, lakini mmoja amesoma shutuma na mwingine amesoma ombi.

Haifai kuhitimisha kwamba nahau ziondolewe katika nyaraka za umma. Lugha isiyo na nahau huwa kavu, na wananchi huiona ya kigeni. Kinachotakiwa ni uteuzi makini. “Kumung’unya maneno” hulenga usemi wenyewe na haubebi tuhuma ya rushwa. Aidha, unakaribiana na “kurya iminwa” ya Kinyarwanda, yaani kula midomo. Kwa hiyo, miongozo ya tafsiri ioneshe maana zote za kila nahau pamoja na eneo inakotumika. Pale ambapo haki ya mwananchi inategemea neno moja, mfasiri aandike tu: “waseme bila kuficha”.