Kurasa 604 na Ubao Mmoja

Mzazi anayempeleka mwanawe duksi, yaani chuo cha Kurani, mjini Garissa huwa na swali moja: atahitimu lini? Hesabu yake ni nyepesi. Msahafu unaochapishwa Madina una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa. Ukurasa kwa siku, na baada ya miezi 20 na kitu nyumbani kuna hafidh, aliyeihifadhi Kurani yote kwa moyo. Maalim husikiliza hesabu hiyo kwa adabu, kisha hujibu inshallah. Wapo wanaomaliza kwa miaka miwili, wapo wanaokaa mitano, na anajua kwamba kukawia huko si lazima kuwe uzembe.

Kazi huanzia kwenye herufi. Mtoto wa Kisomali hufundishwa irabu za Kiarabu kwa lugha ya mama yake: alif la kordhabay, alif la hoosdhabay, alif la godey, darasa zima kwa mahadhi mamoja. Masimulizi yanaunasibisha utaratibu huo na Sheikh Yusuf Al-Kawneyn, Aw Barkhadle, ambaye kaburi lake liko kati ya Hargeisa na Berbera. Kwa njia hiyo mwana wa mfugaji wa Wajir huyatamka maandishi ya Kiarabu sawasawa hata kabla hajajua yanasema nini.

Kisha ubao, yaani loox. Wino ni mkaa uliosagwa ukachanganywa na maji na gundi ya mti. Kalamu ni kijiti kilichochongwa ncha. Mwanafunzi huandika somo lake, maalim hulisahihisha, naye huketi kivulini chini ya mgunga akalisoma kwa sauti, katikati ya wenzake ambao kila mmoja ana sura yake. Mgeni huona makelele tu. Kumbe makelele yale ndiyo yanayomfundisha mtoto kushika lake bila kuchukuliwa na la jirani. Akilisoma kwa ghibu mbele ya maalim bila kusitasita, huenda kuuosha ubao.

Hapo ndipo ninaposema wanafunzi hawa ni mafundi. Mwenye karatasi anaweza kurudi kuchungulia. Maandishi haya yamekwenda na maji, na nakala iliyobaki ni mtoto mwenyewe. Familia ikihama kufuata malisho, duksi huhama nayo, na cha kupakia juu ya ngamia ni mbao chache tu.

Wengi hudhani ugumu ni urefu. Ugumu hasa uko pale aya zinapofanana. Katika Al-Baqara, aya ya 58, Wana wa Israili wanaamrishwa waingie mlangoni wakisujudu, tena waombe msamaha. Katika Al-A'raf, aya ya 161, amri ni hizo hizo, ila ya kuomba imetangulia. Msomaji akipitiwa hapo, ulimi humhamisha kutoka sura moja hadi nyingine, naye anaendelea kusoma kwa raha zake. Wapiga piano wanaocheza fuga za Bach kwa kichwa wanalijua shimo hilo. Katika fuga ya kwanza ya kitabu chake cha 1722, yenye sauti nne, kipande kile kile cha wimbo huingia tena na tena, na kila kinapoingia hutokea mlango mwingine. Ukikosea mlango, unajikuta mahali ulipokwisha kupita. Nao huulizana kipande kama hicho huchukua muda gani kujifunza, na wakongwe wao, nadhani, hujibu kama maalim.

Dawa ya Wasomali ni subac. Wanaketi duara, mmoja anasoma aya, aliye kando yake anapokea inayofuata, na inazunguka hivyo hivyo. Zamu ikikufikia huna nafasi ya kurudi mwanzo wa sura ili upate mwendo. Lazima uwe umezifuata aya za wote kimoyomoyo. Aliyezoea kuanza juu na kuteleza mpaka chini kwa mbio za ulimi hukwama papo hapo. Sijui mtihani mkali kuliko huo, na hauhitaji karatasi wala msimamizi.

Fimbo siisifu. Wapo wanaoshikilia kwamba bila kiboko hapatikani hafidh. Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kulikata shauri hilo, na katika yote niliyoyaeleza sioni palipohitaji fimbo.

Sasa yule mzazi na swali lake. Kijana akimaliza juzuu zote thelathini, kazi hugeuka sura tu. Anayejali huzirudia moja kwa siku, msahafu mzima kwa mwezi, mwaka baada ya mwaka, maana kilichoingia kwa miaka hutoka kwa miezi michache ya kuachwa. Ramadhani ndipo hupimwa hadharani, anaposalisha tarawehe kwa takriban juzuu moja kila usiku. Safu ya kwanza nyuma yake wamesimama wenzake wa subac. Akitanguliza sijda katika ile aya ya 161, watamrudisha kwa sauti kabla hajafika ya 162.