Ubao wa Édouard Lucas

Namba hii ina tarakimu 39: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Ili kuipata, zidisha mbili 127 zenyewe kwa zenyewe, kisha toa 1. Mwaka 1876 mwalimu Mfaransa, Édouard Lucas, alitangaza kuwa ni namba tasa. Hadi leo hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa kwa mkono, bila mashine ya aina yoyote.

Tuliyofundishwa shuleni ni kujaribu vigawo kimoja kimoja mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba. Hapa hayafui dafu: hata mashine inayojaribu namba bilioni moja kila sekunde ingefanya kazi zaidi ya miaka 400. Lucas hakutafuta kigawo hata kimoja. Alianza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, unapata 7. Ifanyie 7 vivyo hivyo, unapata 47. Endelea, na kila jibu likizidi namba unayoipima, ligawanye kwa namba hiyo na ubaki na baki tu. Ukiipima 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7 ukitoa 1, mfululizo ni huu: 3, 7, 47, 48, 16, 0. Sifuri imefika katika hatua ya tano, inapotakiwa, basi 127 ni tasa. Kwa lile jitu la tarakimu 39, hatua ni 125.

Mtu atauliza: kugawanya namba kubwa hivyo mara 125, nani ataweza? Hapo ndipo ninapomvulia Lucas kofia. Alieleza ubao wa sataranji wenye miraba 127 kwa 127. Namba inaandikwa kwa 1 na 0 peke yake. Penye 1 pana kete, penye 0 ni patupu. Kuzidisha ni kupanga mistari ya kete, kila mstari ukisogezwa kushoto inavyostahili, kisha kuijumlisha: kete mbili za safu moja huondolewa, na moja huwekwa safu inayofuata kushoto. Kete inayotoka nje ya ukingo wa kushoto huingia tena kwa upande wa kulia. Inaruhusiwa kwa sababu 2 kwa kipeo cha 127 inaizidi namba inayopimwa kwa 1 tu, hivyo baki lake ni 1. Kugawanya hakupo tena! Kumebaki kusogeza kete, kwa uvumilivu, na kwa jicho lisilochoka.

Mwaka 1930 Mmarekani Derrick Lehmer aliinyoosha njia hiyo, ikaanza na 4 na kufaa kila kipeo tasa kilicho witiri. Kipimo hicho ndicho kilichotumika kuithibitisha namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320.

Nguvu ya njia ya Lucas ilionekana pia kwenye 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1, ambayo Marin Mersenne aliiorodhesha kama tasa mwaka 1644. Mwaka uleule wa 1876 Lucas alionyesha kuwa si tasa, bila kukijua kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903, Lucas akiwa amekwisha kufariki miaka 12 nyuma.