Transista Isiyoongeza Sauti

Waya! Fundi wa Kariobangi Light Industries aliing'oa transista ya kwanza kwenye amplifaya moja ya gitaa, BC109 nzima isiyo na kosa, akaweka kipande cha waya. Sababu yake: eti haiongezi sauti.

Haiongezi, kweli. Ni emita-folowa: hutoa volti karibu zile zile zilizoingia. Lakini nani alimwambia kuwa iliwekwa pale kupandisha volti? Iliwekwa itoe mkondo ambao gitaa halina.

Tupige hesabu. Koili ya gitaa la umeme ina ukinzani wa kilo-omu 8 hivi na induktansi ya henri 4. Ukifika hezi 5,000, henri hizo zinageuka kilo-omu 125. Hatua inayofuata kwenye bodi ina impidansi ya kuingilia ya kilo-omu 10. Ukiziunganisha kwa waya, sauti nzito zinabaki na asilimia 56 ya volti zake. Zile nyembamba, asilimia 8. Hapo solo ya benga imezikwa. Mpiga gitaa wa benga D.O. Misiani angepewa amplifaya hiyo, angedhani nyuzi zake zimeoza.

Sasa irudishe transista. Rizista ya emita ni kilo-omu 10, sambamba na 10 za hatua inayofuata: tano. Zidisha kwa beta ya 200, unapata megaomu 1 kwenye beisi. Rizista mbili za bayasi, za kilo-omu 470 kila moja, zinaishusha hadi 190 hivi. Hata hivyo, asilimia 81 ya sauti nyembamba inapita, na upande wa kutokea unabaki na omu mia kadhaa tu.

Mtengenezaji wa amplifaya Leo Fender alilijua hili. Amplifaya yake ya Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na katodi-folowa, yaani emita-folowa ya valvu, kabla ya vidhibiti vya toni, na Marshall akaiga. Wazee waliotengeneza redio za valvu hawakung'oa kitu kabla ya kuuliza kinamlisha nani. Siku hizi tunauziwa wati. Panda matatu yoyote ya nambari 58 ya Buruburu uhesabu stika za wati elfu kadhaa. Impidansi haina stika.

Turudi kwa fundi wetu: pawa saplai aliitengeneza vizuri.

Lakini sauti ilipokufa kwa sababu ya ule waya, akaongeza geini. Geini haichagui: ilipandisha sauti nzito zilizokuwa zimejaa tayari, na kelele za transista zenyewe juu yake. Kelele hizo zilisikika hata gitaa likiwa kimya.

Aende Luthuli Avenue akatafute transista nyingine. Akikosa BC109, BC547 inatosha, ila aangalie miguu: kolekta na emita zimebadilishana nafasi.