Chimbuko na Urithi wa Utunzi wa Saida Karoli: Uhakiki kwa Kurejelea Wilaya za Ngara na Biharamulo

Sehemu hii inahakiki chimbuko na urithi wa utunzi wa Saida Karoli, manju kutoka Bukoba. Saida alifahamika nchini kote mwaka 2001 kwa wimbo "Maria Salome", uliozoeleka pia kwa jina la "Chambua Kama Karanga". Wimbo huo ulivuka mipaka ya lugha, kwani uliimbwa na hadhira kubwa isiyojua Kihaya.

Kuhusu chimbuko, ni rahisi kumnasibisha Saida na enanga, utendi wa Wahaya uliochunguzwa kwa kina na M. M. Mulokozi. Unasibishaji huo unahitaji tahadhari. Enanga husimulia matendo ya mashujaa, na mtambaji huyaambatanisha masimulizi na ala ya nyuzi yenye jina hilohilo. Nyimbo za Saida huegemea ngoma, kiitikio na maudhui ya mapenzi. Kwa mantiki hiyo, ukoo wake wa karibu ni nyimbo za ngoma za jumuiya, si tendi.

Kuhusu urithi, mfano bayana ni "Salome" (2016) wa Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny. Mwingilianomatini huo uliirejesha kazi ya Saida kwa kizazi kipya. Hata hivyo, beti mpya ni za Kiswahili. Kilichorithiwa zaidi ni lahani kuliko lugha.

Aidha, umaarufu huo umechochea mazoea ya kuuita muziki wa Kihaya "muziki wa Kagera". Mazoea hayo hayathibitiki Ngara na Biharamulo. Kizinza, kinachozungumzwa Biharamulo, kina unasaba wa karibu na Kihaya. Kihangaza na Kishubi vya Ngara vina unasaba wa karibu na Kirundi na Kiha. Kwa mzungumzaji wa Kizinza, matini ya Saida ni ya lugha ndugu. Kwa Mhangaza, ni ya jirani. Mtafiti anayekusanya data Bukoba pekee na kuhitimisha kuhusu mkoa mzima huugeuza mpaka wa kiutawala kuwa mpaka wa kifasihi, na huwafuta manju wa Ngara kabla hawajasikilizwa.

Hivyo basi, ukubwa wa Saida hauna shaka. Kinachopaswa kurekebishwa ni kipimo: atathminiwe kama kilele cha mapokeo mamoja miongoni mwa mengi ya Kagera, na nyimbo za Ngara na Biharamulo zikusanywe kwa lugha zake zenyewe.